Nimelipia Mbps 200, mbona kompyuta inasoma 94?

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Mwezi uliopita nilipandisha kifurushi cha faiba cha nyumbani kutoka Mbps 20 hadi Mbps 200. Ruta ni ileile niliyoinunua mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Imeunganishwa na kisanduku cha mtoa huduma, na vyote viwili vimo ndani ya kabati la televisheni sebuleni. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta inapima 94 kila ninapojaribu. Simu yangu, chumbani ghorofani, inapata kati ya 30 na 38, na jioni inashuka hadi 12. Nikipakua faili, kompyuta inaandika 11 tu. Nimepiga simu huduma kwa wateja mara tatu, wananijibu kwamba kwao kila kitu kiko sawa. Je, ninaibiwa?"

Dada yangu, nakushukuru kwa kuandika namba. Wengi huniambia tu kwamba intaneti ni nzito, na hapo inabidi nianze kubahatisha. Lakini wewe umeeleza umepima wapi, kwa kifaa gani na wakati gani, na namba zako zimekwisha kujibu zaidi ya nusu ya swali.

Nianze kwa kumtendea haki mtoa huduma. Kwa namba ulizonipa, kifurushi chako kimepandishwa kweli. Kama mitambo yao ingekuwa bado inakuhesabu kwenye kifurushi cha zamani, jambo linalotokea mara nyingi na ambalo kwa kawaida hutatuliwa kwa kuzima kisanduku dakika chache ili kijisajili upya, basi kompyuta yako ingesoma 20 au pungufu kidogo, na isingefika 94 hata siku moja. Kwa hiyo huibiwi. Lakini ni kweli vilevile kwamba hupati unacholipia, na una haki ya kukitafuta. Kinachokuzuia kimo ndani ya nyumba yako, na hakikuanza mwezi uliopita: kilikuwepo tangu zamani, ila Mbps 20 zilikuwa chache mno kukifikia. Ulipoongeza kasi inayoingia mlangoni, kizuizi kikahama kutoka kwenye mkataba kikaja kwenye vifaa vyako.

Sasa tuitazame hiyo 94, kwa sababu ndiyo inayosema mengi. Mtandao uliosongamana hautoi namba ileile kila mara. Leo utasoma 130, kesho 70, usiku wa manane 190. Namba isiyotikisika, asubuhi na jioni, ni dalili ya kikomo cha kifaa. Na 94 ni kikomo kinachojulikana na kila fundi wa mtandao: ni kasi halisi ya waya au tundu linalofanya kazi kwa Mbps 100. Hesabu yake ni hii. Kila pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, inayopita kwenye waya hubeba baiti 1,500, na kati ya hizo baiti 40 au 52 ni za anwani na kumbukumbu za usafirishaji, si za faili lako. Nje ya pakiti huongezwa baiti 38 nyingine za kuitambulisha na kuitenganisha na pakiti inayofuata. Kwa hiyo katika kila baiti 1,538 zinazopita, unazozipata wewe ni 1,460 au 1,448, yaani takriban 94 katika kila 100. Kipima kasi chako hakikosei hata kidogo.

Hiyo 11 ya kupakua faili nayo isikutie wasiwasi wa ziada. Vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps, ilhali kompyuta huandika kasi ya kupakua faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Gawa 94 kwa 8 upate 11.75. Ni kasi ileile iliyoandikwa kwa kipimo kingine, na tatizo litakapokwisha utaona kompyuta ikiandika 23 au 24, haitaandika 200.

Swali linalobaki ni kikomo hiki cha 100 kimekaa wapi. Kuna sehemu nne zinazoweza kukileta: tundu la kisanduku cha mtoa huduma, waya kati ya kisanduku na ruta, matundu ya ruta yenyewe, na waya kati ya ruta na kompyuta. Sehemu moja tu ikiwa ya 100, njia nzima inakuwa ya 100. Kompyuta ya mezani ikiwa ya zamani sana, tundu lake pia linaweza kuwa hivyo, ingawa hilo ni nadra siku hizi.

Mimi ningeanza na ruta, kwa sababu umesema ni ya zamani na uliinunua mwenyewe. Yapo maandishi kwenye katoni za ruta yanayowapotosha watu wengi. Ruta iliyoandikwa 300 Mbps inataja kasi ya juu kabisa ya waifai yake kwa nadharia, lakini igeuze utazame matundu ya nyuma, au soma maelezo yake, na mara nyingi utakuta matundu yote ni ya 10/100. Hata iliyoandikwa AC1200 si salama: hiyo 1200 imepatikana kwa kujumlisha 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za masafa ya 5 GHz, kisha kukadiria kwenda juu, na baadhi ya ruta za aina hiyo zina matundu ya 100 tu. Unachotafuta ni maandishi 10/100/1000, au neno gigabiti likiwa limetajwa kwa matundu, si kwa waifai.

Kisha geukia kisanduku cha mtoa huduma. Vipo visanduku vyenye matundu manne ambavyo tundu moja tu ndilo la gigabiti, kwa kawaida la kwanza, na matatu yaliyobaki ni ya 100. Fundi aliyekuja kukufungia Mbps 20 hakuwa na sababu ya kujali alichomeka wapi, na huenda waya wako umekaa kwenye tundu la tatu tangu siku ile. Uhamishie la kwanza upime tena. Hiyo ni kazi ya nusu dakika, na nimeona nyumba zilizomaliza tatizo lao hapo hapo.

Waya nao unahitaji jicho la karibu. Uchomoe, ushike kichwa chake cha plastiki angavu kwenye mwanga, utazame ndani. Utaona nyuzi nane zimepangwa sambamba; kwa mpangilio unaotumika sana ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia na kahawia. Kasi ya 100 inahitaji nne tu kati ya hizo, yaani jozi ya chungwa na jozi ya kijani. Kasi ya 1000 inazihitaji zote nane. Basi uzi mmoja wa buluu au wa kahawia usipofika mwisho wa kichwa, au ukiwa umekatika mahali fulani ndani ya ukuta, mtandao hautakatika. Vifaa viwili vitaelewana kimyakimya kushuka hadi 100, na hakuna taa nyekundu wala ujumbe wowote wa kukuarifu. Niliwahi kuhangaika siku mbili katika nyumba moja, nikabadilisha ruta, nikabadilisha kisanduku, hadi nilipokaa chini na kutazama kichwa cha waya: uzi wa kahawia ulikuwa umeishia milimita mbili kabla ya kugusa shaba. Tangu siku hiyo huwa natazama kichwa cha waya kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Soma pia maandishi yaliyochapwa kwenye gamba la waya: CAT5E au CAT6 inakutosha kabisa kwa nyumba. Iliyoandikwa CAT5 pekee, au isiyo na maandishi yoyote, ibadilishe bila kufikiri sana.

Ili usibahatishe, kompyuta yenyewe inaweza kukuambia. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye muunganisho wa ethaneti, utakuta mstari wa kasi ya kiungo. Ukiandika 100/100, kizuizi kipo kati ya kompyuta na ruta. Ukiandika 1000/1000 na bado unapima 94, kizuizi kipo nyuma ya ruta, kuelekea kwenye kisanduku. Baada ya hapo leta kompyuta karibu na kabati, ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la kwanza la kisanduku kwa waya mfupi mpya, ukiiruka ruta kabisa, na upime mara tatu. Hicho ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, maana kinatenganisha mali yako na mali ya mtoa huduma. Kama kisanduku kimepangwa kiasi kwamba jina la mtumiaji na nenosiri vimehifadhiwa ndani ya ruta yako, kompyuta haitapata intaneti kwa njia hiyo, na itabidi umwombe mtoa huduma akupe taarifa hizo au akupimie mwenyewe.

Natarajia hapo utasoma kati ya 185 na 200. Ukisoma hivyo, umemaliza ubishi: faiba yako ni nzima.

Sasa waifai, ambayo ni hadithi nyingine, na ambayo naamini ndiyo inayokukera zaidi kwa sababu ndiyo unayoishi nayo. Simu inayosoma kati ya 30 na 38 karibu hakika imeunganishwa kwenye masafa ya 2.4 GHz. Kwa teknolojia ya Wi-Fi 4, chaneli ya kawaida ya 20 MHz humpa mtumiaji wa mkondo mmoja, yaani njia moja ya data hewani, Mbps 72 kwa nadharia. Kwa vitendo, ukitoa muda wa vifaa kusubiriana na kurudia pakiti zilizopotea, hubaki kama nusu yake. Namba yako imeangukia hapo hapo. Masafa ya 5 GHz, kwa teknolojia ya Wi-Fi 5, chaneli ya 80 MHz na mikondo miwili, yana kikomo cha nadharia cha 867, na ukiwa chumba kimoja na ruta, Mbps 200 zako zitapita zote bila shida. Lakini elewa mpangilio wa kazi: kama kizuizi kipo kati ya kisanduku na ruta, hata ukihamia 5 GHz leo simu haitavuka 94 mpaka kwanza ukiondoe, kwa sababu data ya waifai nayo hufika kwenye ruta kupitia tundu lilelile. Wapo watu walionunua ruta ya bei kubwa kwa ajili ya waifai, wakaiunganisha kwa waya uleule mbovu, wakakata tamaa.

Kabla hujanunua ruta yoyote, tazama kama kisanduku cha mtoa huduma kina waifai yake. Vingi vya siku hizi vinayo, na vingine hutoa masafa yote mawili. Huenda ruta yako ya zamani haihitajiki tena hata kidogo, na ukiitoa utakuwa umepunguza kizuizi kimoja bila gharama.

Kisha kitoe kifaa ndani ya kabati. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu karibu kila nyumba niliyoingia imeficha ruta nyuma ya televisheni, mahali ambapo bamba la chuma la televisheni, mbao za kabati na joto vyote vinashirikiana kuidhoofisha. Iweke juu, wazi, karibu na ngazi ikiwezekana, kwa kuwa mawimbi hupanda ngazi kwa urahisi kuliko yanavyopenya zege. Sakafu ya ghorofa ni zege lenye nondo, na nondo humeza na kurudisha mawimbi, hasa ya 5 GHz. Niliwahi kufunga mtandao katika nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. 5 GHz ilikuwa bora kabisa sebuleni, na hatua tatu nje ya mlango ikawa haipo. Kuta zako za tofali za saruji si kali kiasi hicho, lakini zege la juu ni kali.

Kwa hiyo kwa chumba cha ghorofani ushauri wangu ni kupitisha waya wa CAT6 hadi juu na kufunga kifaa kidogo cha waifai mwisho wake. Vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani, vinavyopokea waifai na kuirusha tena, sivipendi kwa kazi hii: vingi hutumia redio ileile kupokea na kutuma, hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu papo hapo, na kama umekiweka mahali ambapo mawimbi yamekwisha dhoofika, utakuwa unakuza udhaifu. Waya huo usipitishwe kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Mwambie fundi wako hivyo mapema, kabla hajaanza, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi kwake.

Tuje kwenye jioni, simu inaposhuka hadi 12. Hapa kuna watuhumiwa wawili, na usimshitaki yeyote kabla ya kupima. Wa kwanza ni hewa ya mtaa. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na saa mbili usiku Tabata nzima iko nyumbani ikitazama filamu; nyumba kumi zinazoonekana kwenye orodha ya waifai ya simu yako zinagawana chaneli hizo tatu. Wa pili ni mtandao wa mtoa huduma wenyewe. Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo wa GPON, ambao uzi mmoja wenye uwezo wa takriban Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) za kupakua hugawanywa kwa splita, kigawanyio cha mwanga, kwenda nyumba 32 au hata 64. Hugawanywa hivyo kwa makusudi, na hufanya kazi vizuri kwa sababu si wote wanaopakua kwa wakati mmoja, lakini mtoa huduma akiuza kupita kiasi, au njia yake ya kutoka mtaani ikiwa nyembamba, jioni huumbuka.

Kuwatenganisha ni rahisi. Pima saa mbili usiku kwa waya, na papo hapo pima kwa simu. Waya ukibaki palepale na simu ikashuka, tatizo ni hewa, na dawa ni 5 GHz. Vyote vikishuka pamoja, tatizo ni la mtoa huduma, na hapo una kesi. Wewe hukuniambia waya unasomaje jioni, isipokuwa kwamba ni 94 kila unapojaribu. Kama majaribio hayo yalikuwa ya jioni pia, basi ninaegemea upande wa hewa. Angalia vilevile simu za nyumbani zinazopakia picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni jioni, pamoja na kamera za ulinzi. Njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua hulemaa, kwa sababu kila unachopokea kinahitaji kurudishiwa ujumbe mdogo wa kuthibitisha.

Unapopima, chagua seva iliyoko Dar es Salaam. Ukichagua ya London unapima safari ya baharini. Sehemu kubwa ya unachokitazama, kama video za YouTube na filamu za Netflix, kwa kawaida huhifadhiwa kwenye seva za karibu, lakini vitu vingine hupita kwenye mikongo ya baharini kama SEACOM na EASSy inayotia nanga Dar es Salaam. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa wote, wa Mbps 20 na wa Mbps 200. Siku kama hiyo hakuna waya wa nyumbani utakaokusaidia, na si siku ya kupima ruta.

Ikiwa umebadilisha vyote na kasi imeganda kwenye namba nyingine, tuseme 50, ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute sehemu ya kugawa au kudhibiti kasi. Watu huweka kikomo hapo wakati kifurushi ni kidogo, ili watoto wasimalize intaneti yote, kisha wanasahau. Kizime.

Na kama tundu la kwanza la kisanduku, kwa waya mpya na kompyuta yenye tundu la gigabiti, bado linasoma 94, basi kisanduku chenyewe ndicho cha 100, na hilo ni jukumu la mtoa huduma aliyekuuzia 200. Usiwaambie tena kwamba intaneti ni nzito, waambie: "Nimepima moja kwa moja kwenye tundu la kwanza la kisanduku chenu, kwa waya wa CAT6, mara tatu, saa hizi na hizi, nikapata 94. Naomba kisanduku chenye tundu la gigabiti." Likiwa linasoma chini ya hapo na kupandashuka, waulize nguvu ya mwanga inayofika kwenye kisanduku ni ngapi. Wanaiona kwenye mitambo yao bila kuja kwako. Ikiwa karibu na dBm -20 ni nzuri. Ikikaribia -27 au kuvuka hapo, uzi umepinda, umechafuka au umeungwa vibaya, na pengine kilichoupinda ni lile kabati lililosukumwa ukutani. Usiuchomoe uzi wa faiba mwenyewe, wala usiruhusu mtoto autazame mwishoni: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo.

Andika majibu yao kwa tarehe, na jina la aliyekujibu. Wakikataa kushughulikia baada ya kupewa vipimo hivyo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo nayo itataka kwanza kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Lakini kabla ya yote hayo, leo jioni ukifika nyumbani, fungua kabati, tazama waya umechomekwa tundu la ngapi.